Kamera inakumbuka nini? Somo juu ya kupanga kamera kwa amri za namba



Wengi wenu mumetuuliza juu ya ile kamera ndogo iliyofungwa chini ya paa la atelie. "Inapiga picha ya nani? Hakuna mtu anayesimama mbele yake." Ni kweli, hakuna mtu. Inatazama korongo.

Ninyi wote munalijua lile korongo nyuma ya internat ya wasichana. Kila mvua kubwa inakula udongo kidogo, na kila mwaka mdomo wake unakaribia ukuta. Kamati ya shule ilitaka kujua linakula kiasi gani na kwa siku gani. Kama udongo unaanguka kwa mara moja siku ya mvua kali, basi maji ya paa ndiyo yanayoukata, na dawa yake ni mifereji. Kama unaanguka polepole hata siku zisizo na mvua, basi maji yanapita chini ya ardhi, na itafaa kufikiri juu ya kuhamisha vyumba vya mwisho. Sisi wa kikundi cha ufundi tulisema: "Tupeni nafasi, tutawapa picha moja kila siku saa sita mchana." Tukasimamisha vijiti vitatu pembeni ya korongo, tukavipaka rangi nyekundu na nyeupe, kila mstari sentimeta 10.

Ahadi hiyo tuliivunja kwa siku kumi na moja, na zilikuwa siku za mvua nyingi kupita zote. Kamera haikuharibika. Picha zilipigwa, faili ziliandikwa, lakini hazikufaa kitu. Kosa lilikuwa amri moja ya namba tisa tuliyoituma sisi wenyewe. Leo tunataka kueleza amri hiyo, maana ndani yake kuna somo ambalo vitabu vya darasa vinalipita haraka.

Kamera isiyo na kifungo

Kamera ya duka iko na vifungo na kioo kidogo. Unataka picha kubwa, unabonyeza. Unataka ndogo, unabonyeza tena. Kamera yetu haina hata kifungo kimoja. Ni kipande cha saketi kidogo chenye lensi mbele na waya nne nyuma: waya wa volti 5, waya wa chini, waya wa kusema na waya wa kusikia. Ndani yake kuna chipu inayoitwa VC0706, iliyotengenezwa na kampuni Vimicro ya China. Kamera za namna hii zinatumiwa na watu wengi wanaojifunza elektroniki, sababu bei yake si kubwa na lugha yake ni fupi.

Tunasema nayo kwa njia ya seri, ni kusema biti zinafuatana moja nyuma ya ingine katika waya mmoja, kama watu wanaopita kwenye daraja jembamba. Njia hii si mpya. Mwaka 1994, wakati kampuni Apple ilipoanza kuuza kamera yake QuickTake 100, iliyotengenezwa na Kodak, picha zake vilevile zilipita katika waya wa seri kuingia katika ordinatere. Kamera ile ilikuwa na nafasi ya picha 8 tu za ukubwa wa nukta 640 kwa 480. Ukubwa ule ndio ukubwa wa mwisho wa kamera yetu pia. Musicheke, kwa kutazama korongo unatosha.

Jambo moja la waya, kisha tuendelee. Waya wa kusema wa kamera unaingia katika waya wa kusikia wa ordinatere, na wa kusikia katika wa kusema. Anayeunganisha kusema na kusema atangoja jibu mpaka jioni. Tena, usichukue waya kutoka tundu la seri la ordinatere ya zamani na kuuingiza moja kwa moja: volti za tundu lile ni kubwa na zinaweza kuunguza chipu. Tunatumia kipande cha katikati kinachogeuza USB kuwa seri ya volti ndogo.

V kubwa inauliza, v ndogo inajibu

Amri za kamera zinaandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Wanafunzi wa darasa za juu wanaijua. Kwa wengine tunakumbusha tu kwamba tarakimu zinatoka 0 mpaka 9, kisha A mpaka F, na pahali pa pili panahesabu kumi na sita badala ya kumi. Hivi 56 ni 5 mara 16 kuongeza 6, jumla 86. Na 76 ni 7 mara 16 kuongeza 6, jumla 118.

Kwa nini tumechagua mifano hiyo miwili? Sababu kila amri tunayotuma inaanza na 56, na kila jibu la kamera linaanza na 76. Katika orodha ya herufi za ordinatere, 86 ni herufi V kubwa na 118 ni v ndogo. Sisi tunaita kwa V kubwa, kamera inaitika kwa v ndogo. Tulipogundua hivyo wengine wetu walifurahi kama watoto, na toka siku ile hakuna aliyesahau.

Nyuma ya 56 inakuja 00, ndiyo namba ya kamera yenyewe, maana kamera zaidi ya moja zinaweza kuwa na namba mbalimbali. Kisha inakuja namba ya kazi. 26 ni "anza upya". 36 ni kazi ya kushika picha. 34 ni "picha hii ina baiti ngapi?" 32 ni "nipe picha". 30 ni "soma", 31 ni "andika". Kisha namba inayosema ni baiti ngapi zinafuata, kisha baiti zenyewe. Amri fupi kupita zote ni ya kuanza upya:

56 00 26 00

Kamera inajibu 76 00 26 00, kisha inakaa kimya sekunde mbili au tatu, kisha inatuma maneno machache ya kujitambulisha yanayomalizika na "Init end", ni kusema iko tayari. Usitume kitu mbele ya maneno hayo. Mtu aliyeamshwa usingizini usimpe hesabu mara moja.

Katika jibu, baiti ya nne ndiyo ya kutazama. Ikiwa 00, amri imepokelewa vizuri. 01 inasema kamera haikupokea amri; 02, urefu wa amri si sawa; 03, umbo lake si sawa; 04, amri haiwezi kufanyika sasa; 05, imefanyika vibaya. Wengi wetu mwanzoni tulitazama tu kama jibu limefika, hatukutazama jibu linasema nini. Ni sawa na mwanafunzi anayefurahi kwamba karatasi yake imerudishwa, hatazami pointi.

Kumbukumbu mbili

Sasa tunafika katika kiini cha somo. Kamera hii iko na kumbukumbu za namna mbalimbali, lakini kwa kazi yetu zinatosha mbili.

Ya kwanza ni ya muda. Ni rejista zilizo ndani ya chipu yenyewe. Zinashika namba zinazotumika sasa hivi, na umeme ukikatika zinapotea zote. Ni kama ubao wa darasa: unaandika, unafanya kazi, mwisho wa siku mtu anapita na kitambaa.

Ya pili ni ya kudumu, inaitwa EEPROM. Hii inashika namba hata umeme ukikatika mwezi mzima. Ni kama kaye ya prefe: kilichoandikwa mle kitasomwa tena kesho, na kesho kutwa, mpaka mtu aandike kingine juu yake. Wakati kamera inapowaka, kazi yake moja ya kwanza ni kusoma kaye hiyo ili ijue namna ya kujipanga.

Tazameni amri mbili. Ya kwanza inapanga jinsi picha inavyokazwa ili faili iwe ndogo:

56 00 31 05 01 01 12 04 36

Ya pili inapanga ukubwa wa picha:

56 00 31 05 04 01 00 19 11

Kwa macho zinafanana kama mapacha. Zote mbili zinaanza 56 00, zote mbili ni amri ya kuandika, 31, zote mbili zinasema baiti 05 zinafuata. Lakini tazameni baiti inayokuja nyuma ya 05. Katika ya kwanza ni 01, ni kusema "andika katika rejista za chipu". Katika ya pili ni 04, ni kusema "andika katika EEPROM". Tofauti ya ubao na kaye imekaa katika baiti ile moja tu.

Tumalize kuzifungua. Baada ya namba ya kumbukumbu, 01 inasema tunaandika baiti moja. Kisha baiti mbili za anwani: 12 04 katika amri ya kwanza, 00 19 katika ya pili. Mwishoni namba yenyewe. Kwa kukaza picha, 36 ndiyo namba ya kawaida. Namba ikipanda, faili inakuwa ndogo na picha inapoteza uzuri. Ikishuka, faili inakuwa kubwa na picha inakuwa safi. Kwa ukubwa, 00 ni nukta 640 kwa 480, 11 ni 320 kwa 240, na 22 ni 160 kwa 120. Jibu zuri kwa amri zote mbili ni lile lile: 76 00 31 00 00. Munaona hatari? Kamera haikuambii imeandika wapi. Inasema tu "ndiyo".

Namna tulivyojifunza sheria ya uongo

Mwanzoni mwa kazi tulitaka picha safi zaidi. Tukashusha namba ya kukaza kutoka 36 mpaka 20. Picha ya kwanza ilikuwa nzuri sana, mistari ya vijiti ilionekana vizuri, na faili ilikuwa kubwa. Kesho yake faili ikawa ndogo tena na picha ikarudi kama zamani. Tulituma amri tena, ikakubali. Kesho yake tena imerudi. Tulifikiri kamera ina ugonjwa.

Sababu ilikuwa betri. Usiku pano ya jua hailishi betri, na kifaa cha ulinzi kinakata umeme ili betri isife. Kamera inazimika, ubao unafutwa. Dawa yake ilikuwa rahisi: programu yetu inatuma amri ya kukaza kila mara kamera inapowaka, mbele ya kupiga picha. Ikafanya kazi vizuri mpaka leo.

Lakini hapo tulijifunza sheria moja, na tukaiandika kwa herufi kubwa ukutani mwa atelie: UMEME UKIKATIKA KAMERA INASAHAU YOTE. Tuliona kwa macho yetu mara tatu au nne. Nani angekataa?

Wiki chache nyuma yake mmoja wetu alitaka kujaribu programu mpya. Picha kubwa inachukua muda kupita katika waya, naye alikuwa anajaribu mara nyingi. Tufanye hesabu. Kasi ya kawaida ya kamera hii ni biti 38 400 kwa sekunde. Kila baiti inasafiri na biti 10: nane za baiti yenyewe, moja ya mwanzo na moja ya mwisho. Basi ni baiti 3 840 kwa sekunde. Picha ya baiti 48 000 inachukua sekunde 12 na nusu. Ukijaribu mara arobaini, umengoja zaidi ya dakika nane bila kufanya kitu. Kwa hiyo alipanga picha ndogo kabisa:

56 00 31 05 04 01 00 19 22

Kisha alituma amri ya kuanza upya, maana ukubwa mpya unaanza kutumika kamera ikianza upya, akafanya majaribio yake, yakafaulu. Jioni aliondoka. Hakurudisha ukubwa wa zamani. Tulimwuliza kwa nini, akaonyesha ukuta: "Si kumeandikwa pale? Umeme ukikatika inasahau yote." Hakuwa mvivu, alifuata sheria yetu. Betri ilikatika usiku, kamera ikawaka asubuhi, ikafungua kaye yake, ikakuta 22, ikatii.

Siku kumi na moja hakuna aliyefungua picha hata moja. Tulihesabu tu faili: leo moja, kesho moja, hesabu inatimia, tunaenda kula. Hata ukubwa wa faili ungetuonya, sababu picha ya 160 kwa 120 ni ndogo sana mbele ya ile kubwa. Hatukutazama.

Munaweza kusema: picha ndogo ni picha vilevile, si afadhali kuliko hakuna? Tufanye hesabu ingine. Pahali tunapopiga, upana wa korongo unaoonekana kwenye mstari wa vijiti ni karibu meta 16. Katika picha ya nukta 640, kila nukta inafunika sentimeta 2 na nusu. Mstari wa rangi wa sentimeta 10 unapata nukta 4, unaweza kuuhesabu. Katika picha ya nukta 160, kila nukta inafunika sentimeta 10 nzima. Nyekundu na nyeupe zinachanganyika ndani ya nukta moja, kijiti kinakuwa doa la rangi ya udongo. Tulizikuza picha zile katika ordinatere mpaka kila nukta ikawa kubwa kama kidole. Kukuza hakuongezi habari ambayo haikushikwa.

Katika picha nzuri ya mwisho, kijiti cha tatu kimesimama. Katika picha nzuri iliyofuata, kijiti cha tatu hakiko, na udongo uliokuwa chini yake hauko. Kilianguka kwa mvua moja, au kidogo kidogo? Ndilo swali kamati iliyotuuliza, na ndilo tusiloweza kujibu. Tulienda mbele ya kamati tukasema hivyo. Walinyamaza kidogo, kisha mama mmoja anayelinda internat akauliza: "Basi mimi niwalaze wasichana wapi mvua ikirudi?" Vitanda vya chumba cha mwisho vimehamishwa kwa muda katika chumba cha kushonea, mpaka msimu mmoja mzima upigwe picha vizuri.

Soma mbele ya kuandika

Ile karatasi ya ukutani tuliitoa. Pahali pake hatukuweka sheria ingine, tuliweka amri:

56 00 30 04 04 01 00 19

Hii ni amri ya kusoma, 30. Inasema: baiti 04 zinafuata, katika kumbukumbu 04, EEPROM, nisomee baiti 01 kwenye anwani 00 19. Kamera inajibu 76 00 30 00 01 na baiti moja mwishoni. Ikiwa 00, iko katika ukubwa wa 640. Ikiwa 22, mtu amepita hapa. Sasa programu inatuma amri hiyo kila siku mbele ya picha, na kama jibu si 00 inawasha taa nyekundu mlangoni mwa atelie. Mara ya kwanza iliwaka mchana wa saa sita kasoro, wote tukakimbia. Kumbe waya wa kusikia ulikuwa umelegea. Tulifurahi hata hivyo.

Wengine walisema: kwa nini kusoma? Programu iandike tu 00 katika EEPROM kila siku, tumalize. Hapana, na sababu yake ni nzuri kujua. EEPROM inachoka. Kwa kawaida inahesabiwa kuvumilia kuandikwa mara 100 000 au zaidi pahali pamoja, kisha haitegemewi tena. Mara moja kwa siku si kitu. Lakini programu yenye kosa inaweza kuzunguka bila kusimama: ikiandika kila sekunde, mara 100 000 zinaisha katika saa 28 hivi. Kusoma hakuichokeshi. Tena, umeme ukikatika katikati ya kuandika, unaweza kukuta kitu ambacho si cha zamani wala si kipya. Basi kaye inaandikwa pale tu inapohitajika, betri ikiwa imejaa.

Kamera iliyosemekana imekufa

Juu ya kasi tutasema kidogo, maana hapo ndipo watu wanaogopa kupita pote. Amri 24 inabadili kasi ya mazungumzo:

56 00 24 03 01 0D A6

Hii inaiweka kasi 115 200. Ile picha ya sekunde 12 na nusu sasa inapita katika sekunde 4 na kidogo. Kwa kasi ingine unabadili baiti mbili za mwisho: AE C8 kwa 9 600, 56 E4 kwa 19 200, 2A F2 kwa 38 400. Mara jibu likifika, lazima ordinatere nayo ihamie kasi ile ile. Kwa kasi mbalimbali hawasikilizani tena.

Kuna njia pia ya kuandika kasi katika EEPROM. Anwani yake hatuiandiki katika karatasi hii, na tumeiacha kwa kusudi. Atakayeihitaji aje atelie na kaye yake. Sababu ni mazungumzo haya, yaliyofanyika mlangoni mwetu:

"Mwalimu, kamera imekufa."

"Imekufa namna gani?"

"Tunatuma amri, haijibu kitu."

"Hata wakati wa kuwaka?"

"Wakati wa kuwaka inatuma maneno ya wazimu tu. Herufi za ajabu."

"Basi haijafa, mwanangu. Maiti haitumi herufi."

Ndivyo ilivyo. Kamera ikiwa na umeme na waya wake wa kusema ukiwa mzuri, inapowaka inatuma maneno yake ya "Init end" kwa kasi iliyo nayo. Ukisikiliza kwa kasi ingine, biti zinakatwa pahali pasipo pake, unaona takataka. Takataka ni habari njema: inakuambia kasi ndiyo mbaya. Kimya kabisa ndicho cha kuogopa. Hapo tazama waya na betri kwanza. Vijana wale walijaribu kasi moja moja, 9 600, 19 200, 38 400, 57 600, na kwa 115 200 maneno yakatoka safi. Mtu aliyekuwa ameiandika kasi ile katika EEPROM hakuandika neno katika kaye ya kikundi. Kazi ya dakika tano ilikula mchana mzima.

Kwa hiyo sasa iko kaye, imefungwa kwa kamba karibu na kamera. Kila anayetuma amri yenye 31 na 04 anaandika tarehe, namba iliyokuwako, namba mpya, na jina lake. Mstari wa kwanza wa kaye ni ile 22, na jina limeandikwa "sisi wote", maana sheria ya ukutani tuliiandika sisi wote.

Mazoezi

Haya ni kwa darasa za juu, lakini mdogo akiweza, alete vilevile.

1. Fungueni amri hii baiti kwa baiti: 56 00 31 05 04 01 00 19 00. Inafanya nini? Umeme ukikatika usiku, itakuwa namna gani asubuhi?

2. Picha ina baiti 36 000. Itapita katika muda gani kwa kasi 19 200? Na kwa 9 600?

3. Programu mbaya inaandika katika EEPROM mara moja kila dakika, pahali pamoja. Baada ya siku ngapi itafika mara 100 000?

4. Mumetuma amri ya kuandika, kamera imejibu 76 00 31 02 00. Mutatazama baiti gani ya amri yenu kwanza?

5. Tukisogeza kamera karibu, upana unaoonekana ukawa meta 8, kijiti kitasomeka katika picha ya 320 kwa 240? Na ya 160 kwa 120? Andikeni hesabu, si "ndiyo" na "hapana" tu.

Majibu mutayaweka katika sanduku la mbao mlangoni mwa atelie mbele ya Jumamosi. Wanaotaka kuona taa nyekundu ikijaribiwa waje Ijumaa saa tisa. Picha ya saa sita itakuwa imekwisha kupigwa, na ukubwa utarudishwa 00 mbele ya kufunga mlango.